Maana ya tiketi ya moja kwa moja, hasa akipewa mgombea urais

Tiketi ya moja kwa moja ni cheti cha uteuzi ambacho chama humkabidhi mtu bila kumpitisha kwenye kura ya mchujo. Cheti chenyewe ni karatasi ya kawaida: nembo ya chama, jina, nambari ya kitambulisho, kiti kinachowaniwa, sahihi na muhuri. Anayekipeleka kwa IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ndiye mgombea wa chama, na wenzake wote waliotaka kiti hicho wamefungiwa nje. Hapa Kisumu matairi yamewahi kuchomwa barabarani kwa ajili ya karatasi hiyo, na sababu si ngumu kuielewa. Kwenye ngome ya chama, mchujo ndio uchaguzi. Aliyekuwa na tiketi ya ODM, chama cha Raila Odinga, huku Siaya, Kisumu au Homa Bay amekuwa akiingia uchaguzi mkuu wa Agosti kazi kubwa ikiwa imekwisha. Ukimnyima mpiga kura wa huku mchujo, umemnyima kura yenye uzito kuliko zote alizo nazo.

Watu wengi huchanganya tiketi hiyo na mchujo wa moja kwa moja, na hivyo ni vitu viwili vinavyopingana. Sheria ya Vyama vya Kisiasa, baada ya marekebisho ya mwaka 2022, inataja mchujo wa moja kwa moja, ambapo kila mwanachama aliye kwenye sajili ya chama anapiga kura, na mchujo usio wa moja kwa moja, ambapo wajumbe humchagua mtu kwa niaba ya wanachama. Tiketi ya moja kwa moja haina kura ya aina yoyote. Wakubwa wameketi, wameamua, jina limetangazwa.

Kwa kiti cha urais jambo hilo huvaa nguo nyingine: husemwa kwamba mgombea "ameidhinishwa". Wajumbe wanaletwa Nairobi kwa mabasi, wanapewa kofia na fulana za chama, jina moja linasomwa, mmoja anapendekeza, mwingine anaunga mkono, mikono inainuka, nyimbo zinaanza. Katiba haikatazi. Kifungu cha 137 kinataka mgombea urais awe ameteuliwa na chama au awe mgombea huru, na aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila kaunti, kwenye zaidi ya nusu ya kaunti zote 47. Chama kimpate vipi mtu huyo, kifungu hicho hakisemi. Ni Kifungu cha 91 kinachodai vyama viheshimu demokrasia ndani yake, na hapo ndipo wapinzani hupata pa kushikia.

Lawama zao huwa zinafanana uchaguzi baada ya uchaguzi: huyu hakuchaguliwa, alitawazwa, huyu ni mradi wa fulani, chama chao ni mali ya mtu mmoja. Mwaka 2022 kambi ya Kenya Kwanza, muungano wa William Ruto, ilizunguka Magharibi na Nyanza ikisema Raila Odinga, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mradi wa Rais Uhuru Kenyatta. Vyama vya Azimio, muungano wa Raila, vilikuwa vimemtangaza Machi 12. Siku tatu baadaye wajumbe wa UDA, chama cha Ruto, walikutana Kasarani, Nairobi, wakamuidhinisha Ruto, naye pia bila kura ya kushindana. Nyani haoni kundule. Waliomcheka mwenzao kwa kutawazwa walikuwa na wao wamemtawaza.

Hiyo haimaanishi kila lawama ya aina hii ni kelele za jukwaani. Nyingine zina mashiko, na ni wajibu wetu wapiga kura kuzitambua, kwa sababu chama kinachozoea kuwanyamazisha wanachama wake hakitawasikiliza wananchi kikishika serikali. Hilo ninaliamini kabisa.

Chukua mwaka 2012. Musalia Mudavadi, mtu wa Vihiga na naibu kiongozi wa ODM wakati huo, hakulalamika kwa jumla kwamba chama ni cha mtu. Aliweka kidole kwenye kipengele cha katiba ya chama kilichomfanya kiongozi wa chama kuwa mgombea urais bila kushindanishwa, akasema kipengele hicho kinawafungia wengine mlango. Hakikuondolewa kwa namna iliyomridhisha, akahamia chama cha UDF na kuwania urais 2013. Unaweza kumkubali au kumkataa Mudavadi, lakini lawama yake ilikuwa inapimika: fungua katiba ya chama, soma, amua.

Kinachofanya kisa hicho kiumize zaidi ni kwamba chama hichohicho kilikuwa kimeonyesha kuwa mambo yanaweza kwenda vizuri. Septemba 2007, Kasarani, wajumbe wa ODM walipiga kura za siri. Raila alipata 2,656, Mudavadi 391, Ruto 368. Walioshindwa walibaki chamani. Mudavadi akawa mgombea mwenza, Ruto akazunguka nchi nzima kumpigia debe aliyemshinda. Kura zilihesabiwa mbele yao, na mtu aliyehesabiwa kura zake hukubali kushindwa hata kama roho inamuuma. Hakuna mpinzani aliyeweza kusema mwaka ule kwamba mgombea wa ODM aliokotwa.

Linganisha na KANU, chama tawala wakati huo, mwaka 2002. Rais Moi alimchagua Uhuru Kenyatta kuwa mrithi wake, na vigogo waliokuwa wakikitaka kiti hicho wakatoka kwa vishindo. Oktoba 14 mwaka huo, pale Uhuru Park, Raila akatamka "Kibaki Tosha", yaani Mwai Kibaki ndiye awe mgombea wa upinzani, na KANU ikapoteza urais iliokuwa nao tangu uhuru. Lakini tuseme ukweli: Mwai Kibaki naye alipatikana kwa makubaliano ya viongozi, si kwa kura ya wajumbe. Umma ulimkubali, basi hakuna aliyeuliza utaratibu. Mazoea hayo yametugharimu. Tunauliza njia iliyotumika pale tu tunapomchukia aliyeipitia.

Wazee wana sababu nyingine ya kuwa na wasiwasi, nayo ni mlolongo, yaani mchujo wa foleni, wa 1988. Wanachama wa KANU walipanga foleni nyuma ya mgombea au wakala wake mchana kweupe, na aliyetangazwa kuwa na asilimia 70 au zaidi alihesabiwa amechaguliwa bila kupingwa. Foleni fupi zilitangazwa kuwa ndefu, na hakukuwa na karatasi za kurudia kuhesabu.

Wanaotetea tiketi za moja kwa moja nao wana hoja. Mchujo ni ghali, sajili za wanachama huwa na mapengo, watu wa vyama vingine huingia kupiga kura, na fujo zikitokea ni kijana wa mtaani anayeumia. Siaya mwaka 2013, baada ya mvutano wa William Oduol na Oburu Oginga kuhusu nani alishinda mchujo wa ODM wa ugavana, tiketi iliishia kwa mtu wa tatu, Cornel Rasanga. Kwa hiyo 2022 ODM iliamua kuwapatanisha watu mapema: James Orengo akapewa tiketi ya Siaya na Oduol akawa naibu wake, Homa Bay ikaenda kwa Gladys Wanga, naibu akawa Oyugi Magwanga. Homa Bay, Evans Kidero alikataa akasimama kama mgombea huru, akashindwa. Siaya kiti kilipatikana, ila maelewano hayakumaliza mwaka: Juni 2023 bunge la kaunti lilimtimua Oduol, kisha Seneti ikamrudisha kazini. Ndoa ile ilifungwa Nairobi, na wa Ugenya, Bondo na Alego waliletewa habari tu.

Kwa hiyo ukisikia mgombea urais analaumiwa kwamba alipewa tiketi mezani, usikimbilie kumtetea wala kumshambulia. Uliza kama kanuni zilikuwepo kabla jina halijatajwa, au ziliandikwa zimfae yeye. Uliza kama mwingine yeyote aliruhusiwa kuchukua fomu na kuirudisha. Chama kikisema utafiti wa maoni ndio uliompa ushindi, uliza nani aliufanya, aliuliza watu gani na ripoti iko wapi; hapo ndipo majibu huanza kukwama.

Mwanachama aliyedhulumiwa ana njia. Huanza na kamati ya mizozo ya chama chake, kisha Jopo la Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, kisha Mahakama Kuu. Anayetaka kusimama kama mgombea huru lazima awe ametoka chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na ndiyo maana vyama vinavyochelewesha majina vinastahili kutiliwa shaka: kadiri tangazo linavyochelewa, ndivyo aliyeachwa anavyokosa pa kwenda. Kuelekea 2027, swali la kuwauliza viongozi wanaokuja Kondele, Mumias au Nakuru ni la tarehe: wanachama watapiga kura lini, na kwa sajili ipi?