Ardhioevu ya watu wengi: pimeni maji kabla ya kugawa viwanja

Ugomvi wa ardhioevu hudhaniwa kuwa wa mipaka. Ukiuchimbua, mara nyingi ni wa maji: yakae kimo gani, na hadi lini. Mkulima wa mpunga anataka sentimita 5 hadi 10 shambani, mvuvi anataka vidimbwi visikauke, mfugaji anasubiri maji yashuke majani yachipue. Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, ule wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu, haukatazi matumizi haya. Unataka yawe ya busara. Busara hiyo huanzia kwenye fito.

Chukueni fito ya chuma au mti mgumu ya mita 2, ichoreni alama kila sentimita 5, igongomeeni karibu na mahali maji yanapotoka mpaka ishike udongo mgumu. Alama ya sifuri ilinganishwe na nguzo ya zege iliyo nchi kavu, maana ng'ombe hupenda kujikuna kwenye fito, na ikishazama au kuinama bila nguzo hiyo daftari zima halifai. Isomwe kila asubuhi. Wasomaji wapokezane kutoka kila kundi. Tarakimu za mkulima peke yake mvuvi hataziamini. Fanyeni hivyo mwaka mzima kabla ya kuchimba chochote.

Mkutano mmoja wa kukubaliana kimo cha maji hautoshi. Wafugaji wanaofika kiangazi hawapo masika, na wachota maji na wakata matete, ambao hawana shamba, husahaulika kabisa. Waiteni pia wanaoishi chini ya mkondo.

Kimo kikishakubaliwa kwa kila mwezi, jengeni lango la mbao za kupachika: ukuta wa zege wenye mifuo miwili, na mbao za upana wa sentimita 10 zinazopangwa moja juu ya nyingine. Ukuta ukiishia ukingoni, maji yatachimba pembeni yake na kuuzunguka, hivyo uingizeni ndani ya kingo pande zote mbili na mpange mawe pale maji yanapoangukia. Ondoeni ubao mmoja mmoja, kwa kupisha siku kadhaa. Mkitoa zote kwa pamoja kingo hubomoka na samaki hukwama matopeni. Lango liwe na kufuli mbili, funguo kwa makundi mawili yasiyoelewana.

Kosa tunalolikuta mara nyingi ni mfereji mmoja wenye kina kirefu katikati. Huo haukaushi shamba la mtu, hukausha bwawa zima. Palipo na udongo mweusi wa mimea iliyooza nusu, ardhi hudidimia, na moto ukiingia huwaka chini kwa chini.

Matete nayo yana siri yake. Mizizi hupata hewa kupitia mashina, hata yaliyokauka. Yakikatwa chini ya uso wa maji, au maji yakipandishwa juu ya visiki, hufa. Kateni juu ya maji na mwache ukanda usiokatwa.

Pwani kwenye mikoko kuna tope lenye salfa. Likipata hewa hutoa tindikali, na mvua ikiisomba samaki hufa. Kabla ya kukausha, chukueni bonge, mliache wazi likiwa na unyevu kwa wiki 8, mkipima pH (kipimo cha tindikali; ikishuka, tindikali imezidi) mwanzo na mwisho. Ikishuka hadi chini ya 4, pale msichimbe.