Baraka za Kiayalandi: barabara haiinuki jamani

Ile baraka inayochapwa kwenye kadi na vikombe, eti "barabara na iinuke ikulaki", wengi wanajua ndo Waayalandi wanavyosema toka enzi. Kumbe ni tafsiri iliyoteleza. Kwa Kiayalandi ni Go n-éirí an bóthar leat, na hilo neno éirigh likiwa peke yake ni kuinuka kweli, ila likishikana na le (leat ni le pamoja na "wewe") linageuka kuwa kufanikiwa, yaani njia ikuendee vizuri. Safari njema, basi! Na ukifikiria, barabara ikiinuka mbele yako si ndo kilima hicho, nani anamuombea msafiri kilima?

Wengine wanasema aliyeitunga ni Mtakatifu Patrick, yule mtakatifu mlezi wa Ayalandi. Hapana. Yule aliishi karne ya 5, na maandishi yake mawili yaliyobaki yote ni ya Kilatini.

Afu kuna Sláinte, watu wanadhani ni neno la ulevi kisa linasemwa glasi zikigongwa. Maana yake afya tu, hata wizara ya afya kule inaitwa An Roinn Sláinte.

Ila dhana inayoniuma zaidi ni kwamba baraka zao ni mashairi ya kutundika ukutani na kusoma tarehe 17 Machi, sikukuu ya huyo Patrick. Baraka zimo kwenye maongezi yao ya kila siku! Salamu yenyewe ni Dia duit, Mungu kwako, na unajibu Dia is Muire duit, Mungu na Maria kwako, yani anayejibu anaongeza, kama vile mtu akikupa assalaam alaykum nawe ukamrudishia na warahmatullah juu yake. Asante yao, Go raibh maith agat, ni kumuombea mtu wema uwe kwake. Ukimkuta mtu anafanya kazi sisi tunampa pole na kazi, wao wanasema Bail ó Dhia ar an obair, baraka ya Mungu iwe juu ya kazi hiyo. Na kwa marehemu, pale tunaposema Mungu amlaze mahali pema peponi, wao ni Ar dheis Dé go raibh a anam, roho yake iwe mkono wa kuume wa Mungu, mi hii huwa inanigusa sana.

Kwa hiyo ukitaka kumuandikia mtu anayesafiri andika leat kama yuko peke yake, wakiwa wengi ni Go n-éirí an bóthar libh.