Je, wajua kwa nini daktari huyaruka meno yako akielekea kooni?

Ukienda hospitali na homa, daktari atakwambia ufungue mdomo useme "aaa", atamulika kooni kwa tochi, basi. Meno na fizi ameviruka. Si uzembe wake, ndivyo alivyofundishwa.

Mwaka 1840, mjini Baltimore, Marekani, Horace Hayden na Chapin Harris walianzisha chuo cha kwanza duniani cha udaktari wa meno. Inasimuliwa kwamba awali walitaka somo hilo liingizwe kwenye chuo cha udaktari cha Maryland, wakakataliwa. Meno yakapata chuo chake, kliniki yake, baadaye hata bima yake. Mwili uliosalia ukabaki kwa daktari mwingine, na nchi nyingi zikafuata mgawanyo huo.

Madhara yake yalionekana katika jimbo hilohilo la Maryland mwaka 2007. Jino la mvulana wa miaka 12 lilioza, likatunga usaha, bakteria wakafika kwenye ubongo. Alipasuliwa kichwa mara mbili, akalazwa wiki kadhaa, akafariki. Kuling'oa jino lile kungegharimu dola 80 hivi. Matibabu yake yalifika robo milioni. Inauma, kwa sababu ugonjwa wenyewe haukuwa mgumu kutibika.

Tangu mwaka 2005 walimu wa tiba ya familia nchini humo walikuwa wameshatoa mtaala wa afya ya kinywa unaoitwa Smiles for Life, kwa ajili ya madaktari na wauguzi. Sehemu ninayoipenda zaidi katika mafunzo ya aina hii ni ile ya vitendo. Mwanafunzi anavaa glavu, anainua midomo, anavuta shavu pembeni, kisha anashika ncha ya ulimi kwa kipande cha shashi na kuuvuta kushoto na kulia. Kingo za ulimi na sakafu ya kinywa ndipo saratani ya kinywa hupenda kuanzia, na huwezi kuziona kwa "aaa" peke yake. Kwa mtoto mdogo, anainua mdomo wa juu na kutafuta mistari myeupe kama chaki karibu na fizi. Hapo jino limeanza kuoza lakini bado halijatoboka, na kulipaka floraidi, kazi ya dakika chache, kunaweza kuzuia uharibifu.

Kwetu Tanzania ujuzi huu una kazi ya ziada. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, wapo wanaouona uvimbe kwenye fizi, pale chonge linapojiandaa kuota, na kusema ana "meno ya plastiki". Anapelekwa kukatwa fizi kwa kifaa kisichochemshwa, na chipukizi la jino linatolewa. Mtoto hupoteza damu, huweza kupata pepopunda, na kuhara kunaendelea palepale. Daktari wa watoto asiyewahi kufundishwa fizi za mtoto zinavyokuwa atamwelezaje mama huyo?

Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 lilieleza elimu ya pamoja kuwa ni pale wanafunzi wa fani mbili au zaidi wanapojifunza pamoja, kutoka kwa wenzao na kuhusu wenzao. Mfano mzuri wa kuwakutanisha darasani ni mgonjwa wa shinikizo la damu anayemeza nifedipini, ambaye fizi zake zimevimba hadi kufunika meno. Wa meno anaujua uvimbe, wa famasi anajua kwamba dawa hiyo huweza kuuleta, wa udaktari ndiye atakayeruhusiwa kuibadilisha. Wa meno akiondoa ukoga peke yake huku dawa ikiendelea, fizi zina nafasi kubwa ya kuvimba tena. Kisukari nacho ni vivyo hivyo: sukari ikipanda fizi huugua, na fizi zikiugua sukari huwa ngumu kushuka. Kwa hiyo daktari anayemwandikia mgonjwa wa kisukari rufaa ya kwenda kuangaliwa macho na miguu, amwandikie na ya kinywa siku hiyohiyo.