Maziwa hayaui sumu, mwahisheni hospitali

Huku Dodoma, Chamwino mpaka Kongwa, mtu akinywa sumu tu utasikia mpeni maziwa, mtieni kidole atapike. Najua ni huruma, ila maziwa hayavunji sumu jamani.

Chukulia mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya maji, mtoto kaikuta chini ya meza kapiga funda. Hatari kubwa hapo sio tumbo, ni mapafu. Ukimtapisha yanapita kooni mara ya pili, yanaweza yakaingia kwenye njia ya hewa, na maziwa yanajaza tumbo tu anatapika zaidi.

Dawa za kupulizia wadudu shambani ndo kabisa. Zile za kundi la oganofosfeti zinavuruga mishipa ya fahamu, utaona mate yanatiririka, jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, kifua kinajaa maji mgonjwa anakoroma. Hapo daktari wa dharura anachoma atropini, dawa ya kupinga sumu hiyo, anarudia dozi tena na tena mpaka kifua kikauke, na hiyo kazi maziwa hayaiwezi hata uyalete ndoo nzima.

Daktari anachotaka kwako ni chupa au pakiti yenyewe na saa aliyokunywa, maana hata ule mkaa maalum wa hospitali wa kunasa sumu tumboni (sio wa jikoni!) unafaa zaidi ndani ya saa moja hivi, na sio kwa kila sumu. Kama dawa imemmwagikia mvueni nguo, muosheni kwa maji mengi na sabuni, akisinzia alale ubavu, muondoke.