Raba Ikikubana Leo Haitakuachia Kesho

Wiki iliyopita wamekuja watatu, wote na kucha nyeusi. Mmoja anafanya kazi benki, mmoja ana duka la vitenge Makoroboi, wa tatu ni mwalimu anayeishi Buzuruga. Hawafahamiani. Lakini nilipowauliza raba ilikuwaje siku ya kununua, jibu lilikuwa moja: "Ilinibana kidogo, nikasema itaachia." Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Mwanza, na kauli hiyo nimeisikia mno. Leo naiandikia.

Raba ya kukimbilia haiachii. Kiatu cha ngozi kinaachia, ni kweli, kwa sababu ngozi ikivutwa siku nyingi hubaki ilipovutwa. Raba ya mbio imetengenezwa kwa kitambaa cha sintetiki ambacho hakitakiwi kutanuka, maana kikitanuka mguu utacheza ndani. Mbele kabisa, pale vidole vinapofika, wameweka ukingo mgumu. Na urefu ndiyo usiutegemee hata kidogo: soli haiongezeki milimita moja, uivae mwezi au mwaka. Kinachobadilika ni mguu wako. Kucha inavilia damu, kidole gumba kinaanza kusukumwa upande wa wenzake, na mishipa ya fahamu katikati ya vidole inaminywa mpaka unasikia kama umekanyaga kokoto ambayo haipo.

Halafu kumbuka unakimbilia wapi. Ukikimbia dakika arobaini mguu unavimba, na kila unapokanyaga unyayo unajitandaza. Kwenye tambarare unaweza kuvumilia. Mwanza tambarare ziko ngapi? Unapanda Isamilo kwa furaha, kisha unashuka, na kwenye kushuka mguu unateleza mbele ndani ya raba. Kila mguu unakanyaga kama mara 80 kwa dakika. Mteremko wa dakika tano ni mapigo 400 kwenye kucha ileile. Kucha nyeusi inatoka hapo. Kwa mkimbiaji mara nyingi si fangasi, kwa hiyo acha kumpelekea mwenye duka la dawa hela ya dawa ya fangasi kabla mguu haujaangaliwa. Wala si alama ya mkimbiaji hodari, kama wanavyoambiana kwenye vikundi vya jogingi. Ni alama ya raba fupi, au ya kamba zilizofungwa ovyo.

Yule mwalimu nilimwambia atoe soli ya ndani ya raba yake, ile nyepesi inayochomoka. Nikaiweka sakafuni, akasimama juu yake peku. Kidole chake cha pili, ambacho ni kirefu kuliko gumba, kilikuwa kimefika ukingoni kabisa. Kidole kidogo chote kilikuwa nje, kinakanyaga vigae.

"Lakini dada, mimi navaa 38 tangu kidato cha tatu."

Nikamuuliza ana watoto wangapi. Watatu.

Hapa ndipo ninapochoka zaidi, kwa sababu jambo hili wanawake hawaambiwi kliniki wala dukani. Ujauzito unabadilisha mguu. Homoni zinalegeza kano ili nyonga ziweze kufunguka, na zikilegeza hazichagui nyonga peke yake. Uzito unaongezeka juu ya unyayo ambao kano zake zimelegea, tao la unyayo linashuka, mguu unarefuka na kupanuka. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima miguu ya wanawake mwanzoni mwa ujauzito na tena karibu miezi mitano baada ya kujifungua. Zaidi ya nusu ya miguu ilikuwa imerefuka, na mabadiliko makubwa yalionekana zaidi kwenye mimba ya kwanza. Mguu si tumbo, kwamba utarudi taratibu ukifanya mazoezi. Kwa wengi hubaki hivyo. Sasa mtu amezaa watoto watatu, bado anamwambia muuzaji "nipe 38" kwa sababu ya kumbukumbu ya shule.

Hiyo 38 ni namba ya Ulaya, na kutoka namba moja hadi inayofuata ni kama milimita 6.7 tu. Ukipanda namba mbili umepata sentimita moja na kidogo, na hiyo ndiyo nafasi unayoihitaji mbele ya kidole kirefu kuliko vyote: upana wa dole gumba la mkono. Mguu wa mwalimu ulikuwa sentimita 24.9. Sasa anavaa 40, na ilibidi nimbembeleze, maana aliona aibu, kana kwamba mguu mkubwa ni kosa.

Kabla hujaenda sokoni Mlango Mmoja au dukani, fanya hivi. Jioni, si asubuhi, kwa sababu mguu wa jioni umeshavimba kama utakavyovimba mbioni. Weka karatasi sakafuni ikiwa imegusa ukuta, simama juu yake, kisigino ukutani, uzito wote juu ya mguu huo. Mtu mwingine aweke alama kwenye ncha ya kidole kirefu na kuchora pembeni kushoto na kulia. Ukijichorea mwenyewe utainama na mguu utabadilika. Pima miguu yote miwili, haifanani, na ununue kwa kufuata mkubwa. Kisha kata karatasi kwa umbo hilo uende nalo. Muuzaji akikuchomolea soli ya ndani, weka karatasi juu yake. Ikizidi popote, rudisha, hata kama rangi imekuvutia na bei umeshaipatanisha. Ukiijaribu vaa soksi utakazokimbilia, na ukimbie hatua ishirini papo hapo. Muuzaji asiyetaka ukimbie, mwache na mzigo wake.

Najua utaniambia: nikichukua kubwa kisigino kinachomoka. Kisigino kikichomoka, watu wengi hushuka namba, na vidole ndivyo vinavyolipa. Wanawake wengi wana kisigino chembamba ukilinganisha na upana wa mbele, kwa hiyo tatizo hili ni la kweli, lakini dawa yake ni kamba. Angalia juu kabisa, raba nyingi zina tundu la ziada ambalo halitumiki. Ingiza kamba kwenye tundu hilo upande uleule iliko ili itengeneze kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili, kisha pitisha kila kamba kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea nyuma, funga. Kisigino kinatulia na vidole vinabaki huru.

Wengine huniambia: "Raba za kike zinatofautiana na za kiume kwa rangi tu." Zipo za hivyo, na viwanda vingi kwa miaka mingi vilichukua kalibu ya kiume, yaani umbo la kuundia kiatu, vikaipunguza, vikapaka waridi. Siku hizi baadhi wanatengeneza kalibu ya kike kweli, yenye kisigino chembamba. Lakini ukiwa na mguu mpana, raba ya kiume inaweza kukukaa vizuri zaidi, na hakuna ubaya. Angalia tu namba za Kimarekani: 8 ya kike ni kama 6.5 ya kiume.

"Nina unyayo bapa, lazima ninunue raba maalumu." Jeshi la Marekani lilijaribu kuwagawia maelfu ya askari wapya raba kulingana na umbo la unyayo, na majeruhi hawakupungua kuliko kwa waliopewa raba ya aina moja. Kama hauumi, chagua ile unayoisikia vizuri mguuni ukikimbia. Unaouma, njoo tuuangalie.

Raba za mashindano zenye kaboni ngumu ndani ya soli pia naulizwa sana. Kwenye marathoni ya Berlin, Septemba 2023, Magdalena Shauri wetu alimaliza wa tatu kwa 2:18:41. Siku hiyohiyo Tigist Assefa wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia ya wanawake ya wakati ule kwa 2:11:53, akiwa na raba ya gramu 138 iliyouzwa dola 500, iliyotengenezwa ivaliwe kwenye marathoni moja tu. Wewe unakimbia Jumamosi hadi Capri Point na kurudi. Hela hiyo inatosha raba kadhaa nzuri za mazoezi.

Mtumba siukatazi, mimi mwenyewe nanunua. Ila usiangalie soli ya chini peke yake. Povu la katikati ndilo linalokufa kwanza, hata raba ikionekana mpya. Libonye kwa dole gumba: likiwa gumu kama ubao au lina mikunjo mingi pembeni, limeisha. Iweke mezani uitazame kwa nyuma, ikiwa imelalia upande mmoja iache. Na ukiifua, usiianike juu ya bati, jua linaua gundi. Ijaze gazeti, iweke kivulini.

Raba nyingi hufika kati ya kilomita 500 na 800. Ukikimbia kilomita 20 kwa wiki, hiyo ni miezi sita hadi tisa hivi, na ya mtumba ilishatumia sehemu yake. Andika tarehe kwa kalamu chini ya ulimi wa raba siku unapoanza kuivaa. Ya mwalimu nimeiandika mwenyewe kabla hajatoka. Kucha yake nimemwambia asiing'oe, mpya itaisukuma, ila awe na subira, maana kucha ya mguuni huweza kuchukua mwaka na zaidi.