Kwa nini Mto Msimbazi hujaa Jangwani

Dar es Salaam imekua kwa kufuata barabara nne: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa. Mabonde yaliyo kati yake yalirukwa, na mpango wa mji wa 1979 ukayaweka kwenye ardhi hatarishi. Waliokuja kuyajaza walikuwa na sababu inayoeleweka: kutoka Jangwani, bonde la Msimbazi lililo jirani na Kariakoo, unafika sokoni kwa miguu bila nauli.

Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, na kuingia baharini penye Daraja la Selander, mwendo wa kilomita kama 35. Huko juu kuna mteremko, chini ni tambarare. Maji yenye kasi hubeba mchanga. Yakifika Jangwani kasi inakufa na mchanga unatua. Mwaka hadi mwaka sakafu ya mto inapanda na uwazi chini ya daraja la Barabara ya Morogoro unazibwa, hivyo mvua ambayo zamani ingepita kimya sasa inakata barabara. Mvua hiyo ikikutana na bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, bahari nayo huyazuia maji mdomoni.

Wengi hulaumu takataka. Ni kweli zinaziba kalavati za mitaani, ila hata ukiokota kila chupa, Jangwani itafurika tu. Kinachoijaza ni mchanga unaotoka kwenye kingo zilizochimbwa na miteremko iliyofyekwa kupisha viwanja. Tena maji yenyewe yameongezeka. Mvua ya milimita 50 kwenye paa la bati la mita za mraba 100 inatoa lita 5,000, yaani simtanki tano za lita elfu moja. Shamba la mihogo lingenyonya sehemu kubwa ya maji hayo. Bati halinyonyi hata tone.

Kuzibua mto ni kazi inayoharibiwa mara nyingi kwa jambo dogo. Katapila likichota mchanga na kuumwaga ukingoni, mvua inayofuata inaurudisha palepale. Usombwe kwa malori, na huko juu ya mto kingo zipandwe matete au majani ya tembo, la sivyo ni kulipia kazi ileile kila mwaka. Wala kazi hiyo isipangwe kwa kuhofia masika peke yake: mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu kama 40 na kuhamishia familia nyingi Mabwepande, pembezoni mwa jiji, yalikuja kwenye vuli.

Kwa anayenunua kiwanja: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Dalali atakupeleka Agosti, kukiwa kukavu. Tazama nyumba za jirani: vizingiti vilivyoinuliwa kwa tofali, mstari wa tope ukutani, bustani za mchicha zinazostawi bila kumwagiliwa sana. Kisha chimba shimo la mita moja. Ukikuta tabaka za mchanga na tope zikipishana, hapo mto umeshapita zaidi ya mara moja.