Hema Lako Halijafanya Koga

Juzi kijana mmoja wa Muyeye kaniletea hema lake. "Fundi, limefanya koga kidogo. Nisugulie tu, Jumamosi tunakwenda Marafa." Sikuhitaji hata kulitandaza. Kamba ya mfuko ilipolegea tu harufu ikatoka, ile ya shati lililocheuliwa na mtoto mchanga. Nikatia mkono, kitambaa kikanishika vidole kama gundi. Nikamuuliza limetumika mara ngapi. Mara mbili, miaka mitano iliyopita. Tangu hapo lilikuwa juu ya dari, chini ya mabati, limeviringishwa kwa plastiki ya godoro lisiingiwe na unyevu.

"Lakini ni jipya hili, fundi. Halijatumika."

Neno hilo limenichosha. Natengeneza na kukodisha mahema hapa Malindi, na mengi yanayoletwa kwangu yakiwa maiti hayakufa safarini, yalifia stoo. Ninalo hema moja linalotoka kila msimu wa kaskazi. Limelala Arabuko-Sokoke, limelala njia ya lango la Sala, sakafu yake ina viraka vinne, na mpaka leo mvua ikinyesha maji yanabingirika juu ya paa lake. Hilo "jipya" ndilo lililokwisha.

Koga ni kitu hai. Huonekana kama madoa meusi au ya kijani, hunuka kama chumba kilichofungwa muda mrefu, na huota kwa sababu hema lilikunjwa na maji na uchafu wake. Unaweza kuiua, ingawa doa hubaki. Kunata ni ugonjwa mwingine kabisa. Nailoni au poliesta ya hema haizuii mvua peke yake. Kinachozuia ni utando mwembamba wa poliurethani uliopakwa upande wa ndani. Utando huo ni minyororo mirefu sana ya molekuli, na katika mahema mengi ya bei ya kawaida viungo vya minyororo hiyo hukatwa na maji. Wala simaanishi mvua iliyopita juu yake kwa saa mbili. Nasema mvuke wa hewani, unaokaa nao usiku na mchana, mwezi baada ya mwezi. Joto huharakisha kazi. Kisha kila kiungo kikikatika hubaki asidi, na asidi hiyo nayo husaidia kukata viungo vingine. Ndiyo maana hema hukaa miaka bila dalili, halafu likageuka gundi kwa msimu mmoja. Ukilifunga kwa plastiki, mvuke uliokuwamo umeufungia humo humo. Ukiliweka chini ya mabati mwezi wa Februari, umelipika.

Naomba hili lieleweke, maana ndipo ninapobishana na watu kila wiki: hakuna sabuni ya kulitibu. Ule mnato si uchafu uliogandia utando, ni utando wenyewe unaooza. Niliwahi kuukwangua wote kwa spiriti nikapaka dawa mpya. Mahema mawili yalishika. Mengine yalibanduka kabla ya mwaka kwisha, na mikono na dawa vilikuwa vilevile. Kwa hiyo siku hizi kazi hiyo naikataa hata mteja akiongeza pesa. Mahema yaliyopakwa silikoni pande zote mbili hayapatwi na haya, ila ni ghali, na hapa nayaona zaidi kwa wageni.

Wanaolala ufuoni wana kosa lao. Mtu ametoka Mambrui au matuta ya Shela kule Lamu, analianika mpaka saa nane mchana, analishika, kavu kama karatasi, anakunja. Kila mama wa pwani anajua chumvi ya mezani hulowa yenyewe, ndiyo sababu ya zile punje za mchele kikoponi. Hewa ikipita unyevu wa asilimia 75 chumvi huvuta maji mpaka iyeyuke, na asubuhi zetu hupita hapo kwa urahisi. Hema lenye chumvi litalowa upya usiku, ndani ya mfuko wake, bila tone la mvua. Basi kulianika peke yake hakutoshi, lazima chumvi iondoke kwanza. Tumia maji ya mfereji. Ya kisima yaonje kabla, kwani visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na hapo utakuwa unalipaka kilekile unachokiondoa. Beseni, sponji, mkono mwepesi. Sabuni ya unga hapana, jiki hapana, mashine hapana.

Lianike kivulini penye upepo, maana jua letu hula nailoni. Usidanganywe na paa, hilo hukauka upesi. Shika mishono, pindo za sakafu na vitanzi vya vigingi. Hapo maji hujificha. Mimi huliacha likauke siku mbili.

Halafu lisirudi katika ule mfuko mwembamba lililokuja nao, huo ni wa safari. Litie kwenye foronya kubwa, au shona leso mbili kuukuu, lijikunjekunje humo kwa nafasi. Watengenezaji husisitiza usikunje kwenye mistari ileile kila mara. Nimefanya hivyo, nimefanya kinyume chake, na kwa hapa kwetu sijaona tofauti. Joto hulimaliza kabla mikunjo haijafika. Liweke mahali ambapo wewe mwenyewe ungeweza kulala mchana bila kutoka jasho. Jamaa wa Lamu huniambia nyumba zao za mawe zina ubaridi. Ni kweli, lakini ukuta wa matumbawe huvuta maji, kwa hiyo hema likae rafuni, lisiguse ukuta wala sakafu.

Fito za alumini zifute chumvi, uzikunje kuanzia katikati ili mpira wa ndani usivutike upande mmoja. Zipu zisuuze mchanga. Panya usimwachie hata kombo la biskuti mfukoni.

Kusi likianza na masika kuingia, litoe mara moja kwa mwezi, siku ya upepo mkavu, lipumue asubuhi nzima. Linuse. Ile harufu ya kucheua huja mapema kuliko mnato, na ukiipata mapema unaweza kulitumia misimu iliyobaki badala ya kulihifadhi likufie.

Kijana wa Muyeye nimemkodishia lile lenye viraka vinne aende nalo Marafa. La kwake nimelitoa fito, vigingi na chandarua cha ndani, vyote vizima. Paa na sakafu vimekwenda jaani.